Maua ya Dirishani

Leo nimemwaga maji ya chupa yenye kitawi cha ua, na harufu yake ya ubichi ikanirudisha kwenye chumba chetu cha kupanga kule Sinza. Mama alijaza dirisha kwa chupa za jamu zenye vitawi alivyoomba kwa majirani. Mizizi ilijizungusha humo mpaka ikakosa pa kwenda.

"Mama, si tuyapande tu hapo uani?"

"Ukipanda kwa mwenye nyumba, siku ya kuhama unamwachia," alisema, akifuta chupa kwa khanga yake ya bluu. "Haya tutayapanda kwetu."

Sasa nina kiwanja changu Goba, udongo tele. Mwanangu huniuliza ua hili la chupani tutalipanda lini.

"Ngoja kidogo," namwambia, nikifuta chupa kwa khanga ileile.