Radi Iliyoomba Maji

Enzi zile za vita vya Wazungu mume wangu alichukuliwa jeshini na hatukujua alipo. Mimi nilibaki kwa wazazi wake, chini ya milima ya Geita, mke mgeni kutoka upande wa Kolandoto. Nilikuwa sijatimiza mwaka pale. Kila nikifunika chungu, mama mkwe anafunua kuona nimetia nini.

Alasiri moja mvua ilinyesha, ukungu ukafunika mlima wote. Tukasikia ngurumo ikizunguka huko juu, ikakaribia, kisha mshindo, na moto ukawaka kwenye mawe. "Radi," akasema baba mkwe, na mjadala ukaishia hapo. Kwetu, radi ikipiga mahali hapaendwi mpaka mganga wake aje anyunyize dawa, na mganga alikuwa ng'ambo ya mto uliofurika.

Mimi niliguna tu. Tangu lini radi ikanuka mafuta ya taa?

Asubuhi sauti ikashuka kutoka mlimani: "Mama! Maji!" Wakwe zangu walijua Kisukuma tu; mimi Kiswahili nilikipata shule ya misheni kwetu. Mama mkwe akanikazia macho. "Usiitike. Radi inaita watu."

"Mama, radi gani hii inayoomba maji kwa Kiswahili?"

"Na wewe umejuaje inaomba nini?"

Loo, yalinichoma maneno yale! Lakini ile sauti ilinichoma zaidi. Ilikuwa ya kijana wa kiume, amechoka, naye wangu alikuwa huko huko duniani na sare ya jeshi. Nilichukua kibuyu cha maji nikapanda, mama mkwe ananiita nyuma kwa hasira.

Ilikuwa ndege ya jeshi, imepasukia kwenye mawe. Waliokufa sitawasimulia. Mmoja alikuwa hai, askari Mwafrika, mguu umevunjika, uso mweusi kwa masizi. Nikampakata kichwa, nikamnywesha, nikamfuta uso kwa upindo wa nguo yangu. Sikumjua. Ndipo nikapiga yowe.

Hapo niliwaweza! Kwa Wasukuma yowe likilia hakuna mwanamume wa kubaki nyumbani. Anayebaki hutengwa, hata moto hapewi. Wakaja na mikuki na marungu, wakakwama chini ya mawe wakitazamana, maana yowe linawavuta na radi inawazuia. Baba mkwe alipanda wa kwanza, anatukana njia nzima. Wakambeba yule askari kwenye kitanda cha kamba hadi barabarani, na alipona.

Mimi ndiye sikupona na midomo ya watu. Mbona alimwendea moja kwa moja? Mbona alikutwa amempakata? Kisimani nikifika, wanawake wananyamaza. Mganga alipovuka mto, alininyunyizia dawa mimi kabla ya mlima.

Vita vilipokwisha mume wangu alirudi. Mama yake alimsimulia yote hata hajavua viatu. Akanigeukia, macho makavu, akaniuliza yule askari alikuwa nani wangu.

Nikamwambia, "Nilidhani ni wewe."