Benchi Lililohama

Mama Futi hakupewa jina hilo bure. Miaka thelathini na mmoja ya kushona nguo za watu ilikuwa imemtia kipimo machoni. Ukipita tu mlangoni pake, alishajua kiuno chako, na kama umenenepa alikwambia bila kuulizwa. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa hatua ishirini. Lakini mumewe, seremala, mtu mwema asiyejua kuficha hata kikohozi, alijaribu.

Chanzo kilikuwa ngazi. Mama Futi aliteleza, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali daktari alimwambia atembee kila siku. Wifi yake akamwambia atulie.

"Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, wifi. Uza hiyo cherehani upumzike."

"Ng'ombe ni wewe," alijibu Mama Futi. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Maneno alikuwa nayo, miguu ndiyo haikuwa na habari. Chumba chake cha kushonea kilikuwa upande wa pili wa bustani ya jiji, ile kubwa yenye msitu katikati na majani marefu pande zote, ambayo ukiwa ndani unasahau kuwa kuna mabasi nje ya ua. Miaka yote alikuwa akikatiza humo kwenda kazini. Sasa mwenye nyumba alisema chumba kisipofunguliwa kabla ya mwezi kwisha, atampa kinyozi. Na Mama Futi alikuwa ameapa, tena mbele ya wifi, kwamba atakwenda kukifungua kwa miguu yake, si kwa kupakiwa kwenye teksi kama gunia.

Siku ya kwanza mumewe alimfikisha kwenye lango la bustani. Hatua arobaini kutoka hapo palikuwa na benchi, tena alilitengeneza seremala mwenyewe, kazi ya bustani. Katikati ya njia fimbo iliteleza, nusura aanguke. Akafika, akaketi. Aliogopa, tusimfichie.

"Mwisho wangu hapa," alisema. "Benchi na kurudi. Sivuki benchi, na usinisukume."

"Sawa," alisema seremala, upesi mno.

Wiki iliyofuata benchi lilikuwa mbele kwa hatua ishirini. Mama Futi aliona palepale. Lilipokuwa zamani pamebaki alama nne za majani ya njano, na mtunza bustani alikuwa akifagia mahali pasipo na takataka huku anatazama juu. Seremala naye alisifia hali ya hewa mara tatu. Mama Futi akajifanya hamnazo. Alikuwa ameapa kutovuka benchi, na kama benchi limevuka lenyewe, yeye hana kosa. Isitoshe, ilimchekesha.

Basi benchi likawa linahama. Likapita kwenye majani marefu yenye mbegu za kung'ang'ania sketi, likapita kidimbwi, likafika chini ya mti wa kwanza wa msitu. Mama Futi alilifuata, anaguna, anafika.

Zikabaki siku mbili mwezi uishe. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa palepale pa juzi, na seremala alitembea ameinama, mkono kiunoni.

"Mgongo umefanyaje?"

"Nimelala vibaya."

"Umelala vibaya, au umebeba benchi vibaya?"

Seremala akaachia kiuno. "Kumbe ulijua?"

"Baba watoto, mimi nakata suti kwa jicho. Kaa hapo. Leo mgonjwa ni wewe."

"Na wewe je?"

"Naenda kazini."

Akaingia msituni peke yake. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani yaliyooza. Mbele kidogo njia ilikatizwa na mzizi mnene, ule aliokuwa akiuruka zamani bila kuutazama. Akasimama. Hapakuwa na mkono wa kushika wala benchi mbele yake. Akaupima mzizi kwa jicho kama anavyopima bega, akaweka fimbo, mguu mzima ukatangulia, mbovu ukafuata. Akavuka.

Chumba kilinuka vumbi. Alifungua dirisha, akafunua cherehani, akazungusha gurudumu lake. Likazunguka vizuri, bila kukwama. Akaandika mlangoni kwa chaki: NIPO. KUANZIA KESHO. Kisha akafunga, akageuka kurudi.

Kurudi ndiko kulikomtoa jasho. Kabla ya kufika kwenye mzizi paja lilikuwa linawaka, na benchi, alijua, bado liko mbali. Mara akasikia kitu kinaburutwa. Akanyanyua macho. Ng'ambo ya mzizi, katikati ya njia, benchi lilikuwa linamngoja, na mumewe amelishikilia huku anahema. Nyuma yake mistari miwili ilikuwa imechimbika udongoni kutoka kwenye ule mti wa kwanza.

"Wewe! Na mgongo huo?"

"Niliona umekwenda mbali," alisema seremala. "Nikajua utarudi umechoka."

Mama Futi alikuwa na maneno tayari, na yalikuwa makali. Lakini alipovuka mzizi, akaketi kwanza. Akamvuta mumewe kando yake.

"Nilikuwa natafuta pa kukaa tangu lango la kule kazini," alisema.

Wakakaa, wote wawili wanahema.

"Mtunza bustani akirudi kesho atanisaidia kulirudisha, kama alivyonisaidia kulihamisha," alisema seremala.

Mama Futi akatazama mbele, akatazama nyuma, akapima.

"Liache hapahapa," alisema. "Hapa ndipo nusu ya njia ya kazini."