Mvua ya Patea Imelegea

Raelene Topi alikuwa na mdomo usiopoa, na kazi yake ilimlipa kwa hilo hilo. Kila asubuhi, ndani ya meli ya watalii iliyozunguka ghuba la Patea, kusini kabisa mwa Nyuzilandi, alishika kipaza sauti akawaambia watu waliojikunyata kwa baridi: "Mnalalamikia mvua? Bila mvua mngekuja huku kutazama mawe!" Nao wakacheka, wakatazama maporomoko yakimwagika majabalini, wakanunua skonzi zake za jibini.

Asiyemsikia alikuwa mmoja tu: baba yake. Mzee Tame alivua kambamti katika maji hayo hayo miaka nenda miaka rudi, na injini ikamla masikio. Wanawe walimnunulia mashine za masikioni za kumsaidia kusikia, akazitia kwenye kopo la ndoana. Simu hapokei, klabu haendi. Alijikalia peke yake nyumbani Aparima, akishikilia kwamba yeye ni mzima, ila dunia imeishiwa sauti.

"Hata mvua ya Patea," alisema, "siku hizi imelegea."

"Sikio la kufa halisikii dawa," Raelene akamtania, lakini moyoni aliumia. Baba yake alikuwa anampotea akiwa hai.

Basi akamwekea dau. "Njoo melini, Baba! Ukiisikia mvua, sikusumbui tena. Usipoisikia, unavaa mashine!"

"Unanong'ona nini?"

Akarudia kwa kupiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Haya! Nikishinda, nazitupia samaki."

Siku ya safari mvua ilikuwa ya kutoboa paa. Mwisho wa ghuba, kama ilivyo desturi, nahodha akazima injini na abiria wote wakanyamaza ili wapasikilize mahali penyewe. Hata Raelene alifunga mdomo. Katikati ya kimya kile Mzee Tame akanguruma:

"Imeharibika? Mwambieni atazame dizeli!"

Watu wakaangua kicheko. Raelene akatamani sitaha immeze. Mzee akawatazama wanavyocheka, akatazama matone yakirukaruka mbele yake, na uso ukamshuka. Raelene hakuwa na hamu tena ya kushinda.

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa mashine. Kumbe alikuja nazo.

Akazivaa, akavuta kofia ya koti, na mvua ikampigia ngoma utosini. Maporomoko yakavuma. Ndege akalia msituni. Mzee alifumba macho, na nahodha alipotaka kuwasha injini, akainua mkono: "Subiri kwanza, bwana."

"Vipi, Baba?" Raelene akamwinamia, safari hii kwa sauti ya kawaida. "Bado imelegea?"

Mzee akageuka ghafla, akamkodolea macho.

"Sema tena."

"Nauliza, mvua bado imelegea?"

"Wewe," akasema polepole, "lini umechukua sauti ya mama yako?"

Mama alikuwa kaburini mwaka wa sita. Raelene akajisogeza karibu naye, bega kwa bega.

"Na mdomo wake umechukua pia," mzee akasema. "Haya, endelea kusema."