Fundi Asiyeumwa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila unaponisomea hadithi zako kwenye simu. Juzi hapa Makambako ulinisomea ya yule nahodha wa chombo cha angani ambaye kila mtu anamjua kwenye filamu, ila wewe umempa nguvu ya siri: anasikia mawazo ya watu, na hajamwambia yeyote. Nilicheka, nikakusifu, kisha nikainuka nikaenda zangu. Ukadhani imenichosha. Haikunichosha. Na mimi niliwahi kutunga ya namna hiyo, na nusura mama yako apoteze mguu.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikabaki kijijini Kichiwa na wadogo zangu. Mama yako, Yustina, alikuwa na miaka minane, na hapakupita siku bila kulia. Sikujua kumbembeleza. Nilichokuwa nacho ni filamu moja tuliyoiona sote kwenye banda la video Njombe mjini, yenye fundi wa chombo cha angani. Kwenye filamu hana nguvu yoyote, ana spana tu. Basi tulipokuwa tunapalilia viazi nikampa fundi nguvu moja: haumwi, hasikii maumivu. Moto umuunguze, chuma kimwangukie, haumwi. Lakini ni siri. Akimwambia mtu, nguvu inamtoka.

Yustina akaacha kulia. Nikajiona nina akili sana.

Ukaja msimu wa baridi, ile baridi yetu ya kuganda vidole. Kwetu mtu akiingia jikoni huvua mabuti ya mpira aote moto miguu. Bibi Anjelina, jirani yetu aliyekuwa akija kila Jumamosi kutusaidia shambani, alimtazama Yustina aliyekaa na buti moja mguuni.

“We Yustina, hilo jingine hulivui?”

“Mguu una baridi, Bibi.”

“Baridi ya mguu mmoja? Hiyo ni mpya. Hebu lete.”

Alilivuta taratibu. Harufu ikatangulia. Jembe lilikuwa limemkata juu ya vidole siku tano nyuma, na mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo. Siku zote hizo nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

“Kwa nini hukuniambia?” nikamfokea.

“Fundi hasemi, dada.”

Bibi akanigeukia. “Fundi gani?”

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza mbele ya mtoto. Akamfunga mguu kwa khanga yake, akaniambia nilete baiskeli. Tukiwa njiani kwenda hospitali ya misheni, mimi nasukuma, yeye anamshikilia mtoto, ndipo aliposema, “Ulichoka kusikia analia, ukamfunga mdomo.” Tukaenda kidogo. “Huyo fundi wako ana dada?”

“Hana, Bibi.”

“Mpe.”

Daktari alisema tungechelewa siku mbili zaidi, mguu ungekatwa. Yustina akalazwa, na alipopata nafuu aliniuliza kwa wasiwasi kama nguvu imemtoka fundi, maana sasa watu wamejua. Nikamwambia fundi ana dada yake mkubwa, ndiye anayemfunga vidonda, na tangu dada ajue siri, fundi anaumwa kama sisi lakini anapona upesi kuliko watu wote. Akafikiri. Kisha akalia kwa sauti, na wodi nzima ikageuka kututazama. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Bibi Anjelina amekwisha kutangulia. Kila nimwonapo mama yako anapanda ngazi za kanisa kwa miguu yake miwili, namshukuru Bibi. Namshukuru hata yule fundi, maana bila yeye sijui tungevukaje miezi ile.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Wape watu wako wa angani nguvu zozote utakazo, wazifiche kwa adui, wazifiche kwa chombo kizima. Ila kila mwenye siri mpe mtu mmoja anayeijua. Anayekusoma huenda ni mtoto aliyekaa na buti mguuni, na atafanya vile anavyofanya shujaa wako. Na wewe mwenyewe ukiumia, sema mapema, usingoje harufu ikusemee.

Mungu aibariki mikono yako inayoandika, na akujalie siku zote awepo mtu wa kukuvua buti.