Usimfungue Ng'ombe Aliyelala

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyokaa kwenye tope nikilia kwa hasira kwa sababu ya ng'ombe. Usicheke. Nimekuita hapa nikiwa nimekasirika, na nitasema nikiwa nimekasirika, maana nikingoja hasira iishe nitakuonea huruma, na huruma ndiyo iliyokuharibu.

Ulianza cherehani, ukaacha. Ukaanza kuku, ukaacha, tukawala. Juzi unaniambia hata masomo ya jioni pale Katandala umeyaweka kando "kidogo", eti mazingira hayaruhusu. Mazingira! Huyo Mazingira anakaa mtaa gani nikamtukane? Penye nia pana njia, mnaimba. Njia ipo tangu asubuhi, mwanangu, miguu ndiyo haionekani.

Sasa sikiliza, maana wewe ni mwanangu hata kama sikukuzaa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia kila mtu afanye biashara yake. Ushirika uliokuwa ukituletea mbolea ulikuwa unakata roho, malori ya wafanyabiashara yakawa yanapanda huku Ufipa kutafuta mahindi, na mashamba ambayo hakuna aliyekuwa akiyatazama yakaanza kugombaniwa. Mwaka huo mume wangu alifariki. Nilikuwa kijana bado. Aliniachia watoto wawili, shamba kubwa bondeni, na maksai wawili ambao hawakuwahi kufungwa nira. Kaka yake, shemeji Deo, hakungoja hata machozi yakauke. Akasema mbele ya ukoo: "Shamba halikai bure. Mvua za kupandia zikifika na huyu mama hajalima, nalichukua mimi. Yupo mtu wa lori analitaka." Wazee wakaitikia.

Nikasimama, nikasema nitalima mwenyewe, kwa maksai. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwetu mwanamke alishika jembe la mkono. Plau lilikuwa la wanaume. Lakini shamba lile kwa jembe la mkono ningelilima mpaka nizeeke, na wanangu wangekula nini? Maji nilikwisha kuyavulia nguo, sharti niyaoge.

Maksai mkubwa aliitwa Chapakazi, na jina lilimfaa. Yule mdogo nilimwita Ruksa, kwa sababu alifanya alichotaka. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri mpaka katikati ya shamba. Pale Ruksa akakunja magoti, akalala, nira ikamvuta mwenzake shingo. Nikampiga. Nikambembeleza. Nikamwita majina ambayo padri akiyasikia ataninyima komunyo. Wapi! Jua likawa kali, nikasema basi, naye ni kiumbe, amechoka. Nikamfungua. Akainuka palepale, akaenda zake kula majani.

Kesho yake alilala mapema zaidi. Siku zilizofuata alikuwa akiiona nira tu, chini. Na mimi, mwanangu, kila siku nilikuwa na sababu nzuri ya kumfungua. Leo ardhi ngumu, leo mtoto ana homa, leo kuna msiba kwa jirani, leo Jumamosi, tutaanza upya Jumatatu. Mawingu yakaanza kukusanyika. Shemeji Deo akawa anapita kando ya shamba akipiga mluzi, hana haraka hata kidogo.

Mwishoni nikapata jibu. Wewe ni mtu wa Sumbawanga, unalijua hata kabla sijalisema: ng'ombe amerogwa! Shemeji amemroga! Nilifurahi, nakwambia kweli. Aliyerogwa halaumiwi na mtu. Nikakamata jogoo, nikamfunga miguu, nikashika njia ya kwa mganga.

Njia hiyo ilipita kwenye boma la Wasukuma waliohamia kwetu na mifugo yao. Mama wa mwenye boma, Bibi Kabula, alikuwa amekaa nje akichambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia, huku macho yake yakiwa kwa jogoo.

"Huyo anapelekwa wapi?"

Nikamweleza yote, msiba, shamba, shemeji, Ruksa. Nilitegemea pole. Hakunipa. Aliniuliza neno moja tu: "Ulipokuwa ukimfungua, alikuwa amesimama au amelala?"

"Amelala, bibi. Angekuwa amesimama ningemfungulia nini?"

Akapiga makofi, akacheka kicheko kibaya. "Sasa mganga wa nini, binti? Ng'ombe wako hakurogwa, amesomeshwa! Umemfundisha kwamba akilala, kazi imekwisha. Mwanafunzi hodari huyo. Mjinga ni mwalimu."

Nilifura. "Bibi, mimi nimefiwa."

"Najua umefiwa. Ruksa hajui. Tena hata moyo wako umeufundisha vilevile. Ukilala, unaufungua. Rudi shambani. Akilala kaa naye hapohapo, usiguse nira. Akisimama, akienda hata hatua chache, mfungue upesi, akiwa wima. Na huyo jogoo mrudishe nyumbani, hana hatia."

Niliondoka kwa hasira, bila kuaga. Bibi kizee huyu ananiita mjinga! Nitamwonyesha. Basi hasira hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka moja kwa moja shambani. Nikawafunga nira. Ruksa akalala. Na mimi nikakaa chini, karibu na pua yake. Mvua ya kwanza ikatukuta hapo, ikatunyeshea wote watatu, na ndipo nilipolia kama nilivyokuambia. Shemeji Deo akapita chini ya mwavuli wake. "Shemeji, umepata mchumba?"

"Heri huyu," nikamjibu. "Akilala hasemi."

Jua lilikuwa limeshashuka sana Ruksa aliposimama. Akavuta hatua chache, nikamfungua mbio, nikamkumbatia shingo, yeye na harufu yake. Siku iliyofuata alilala muda mfupi zaidi, akavuta mbali zaidi. Sikumtaka shamba zima. Nilimtaka afike pale kwenye kichuguu, kisha pale kwenye jiwe, kisha mwisho wa mstari. Haba na haba, ndiyo, lakini haba iliyosimama!

Mvua za kupandia zilipokaribia, sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imegeuzwa. Asubuhi moja, nipo katikati ya mstari, nikawaona wanakuja: shemeji Deo, wazee wawili wa ukoo, na yule mtu wa lori, viatu vinazama kwenye udongo. Unaijua adabu ya kwetu. Mwanamke akimwona shemeji mkubwa huacha alichoshika, akapiga magoti, akaamkia. Shemeji naye aliijua. Akasimama pembeni akaita kwa sauti: "Mama, wageni tumefika!"

Mikono yangu ikalegea kwenye plau. Ruksa akaisikia ikilegea. Akaanza kukunja magoti.

"Twende!" nikapiga kelele. Mpaka leo sijui nilikuwa nampigia nani, yeye au mimi. Akajivuta, akaenda. Nikawapita wakwe zangu hivihivi, wazee wakaguna, shemeji akasema mwanamke huyu amekosa malezi. Nikafika mwisho wa shamba. Hapo ndipo niliposimamisha ng'ombe, nikawafungua wakiwa wima, nikarudi mpaka walipo, nikapiga magoti juu ya udongo niliougeuza mwenyewe. "Shikamooni, baba zangu."

Mtu wa lori akamgeukia shemeji: "Mzee, uliniambia shamba hili halina mtu." Akajifuta viatu kwenye majani, akaenda zake. Ndipo mzee mmojawapo alipoitikia marahaba, akaniambia, "Inuka, mama. Kalime, mvua haingoji." Shamba hilo ndilo lililowasomesha wanangu.

Sisemi vikwazo havipo, mwanangu. Shemeji alikuwepo, na alikuwa mbaya kweli; nikimkumbuka mpaka leo damu inachemka. Lakini si yeye aliyekuwa akimfungua Ruksa. Ni mimi, kwa mikono yangu, na kila mara nilijiona nina huruma.

Basi shika hili. Lengo lako lifupishe unavyotaka, liwe ukurasa mmoja, liwe pindo moja la nguo, sitakulaumu. Kuchoka si aibu, pumzika. Ila usipumzike pale ulipoangukia. Kaa na kazi hiyo hata ikunyeshee, mpaka ijongee kidogo, ndipo uiache, ili kesho ikukumbuke kama mtu aliyeondoka akiwa amesimama. Na wageni wakija katikati ya mstari, hata wawe na mamlaka gani, maliza kwanza, utawaamkia baadaye. Watakuita huna adabu. Waache waite.

Mungu akupe mgongo usiovunjika na watu wa kukuambia ukweli hata ukiuchukia. Akuinue kila unapolala, na asikuache kwa mtu atakayekuonea huruma ya kukupoteza. Uende na baraka zangu, mwanangu. Na hasira yangu nayo ichukue, itakufaa.