Mshenga wa mkwe wangu ndiye aliyemchafua marehemu baba yangu mbele ya wageni

Admin, nifichie jina langu, na hata mtaa ninaokaa sasa usiutaje. Mi ni mama wa miaka hamsini na kitu, nimezaliwa na kukulia Bujumbura, nina mume na watoto. Binti yangu mkubwa amechumbiwa. Kijana mwenyewe sina neno naye, ana adabu na anampenda mwanangu. Shida ni baba yake mdogo, ndiye aliyemlea, na ndiye atakayesimama siku ya mahari kusema kwa niaba ya ukoo wao. Nitamwita Deo. Mtu huyo namchukia, na sina namna ya kulisema hilo kwa upole.

Wakati wa vita nilikuwa msichana aliyemaliza shule juzijuzi. Kifaransa changu kilikuwa kizuri, nikawa napata vibarua vya kutafsiri. Likaja kundi la wageni wa kanisa kutoka Ulaya, wakitaka kuuona mji kabla ya kuamua kama wataleta misaada. Mtu waliyepewa awatembeze alikuwa Deo. Nilimfahamu vizuri. Kule Gasenyi, mtaa niliokulia, alikaa nyuma ya kwetu, na milango ya nyumba yake ilitengenezwa na baba yangu, aliyekuwa seremala. Nilipomsalimu alijibu kama hajawahi kuniona. Akaniambia Kifaransa kinampiga chenga, kwa hiyo yeye ataongea Kiswahili, mimi nitafsiri.

Tulianzia bandarini, wageni wakaona meli zikishusha mizigo kutoka Kigoma. Tukapita Rohero, wizarani na kwenye mabenki, tukashuka kidogo sokoni. Deo aliwachekesha sana, nami nikawa natafsiri mpaka vichekesho. Kisha basi likapanda vilimani, kwa taabu, mpaka pale unapouona mji wote chini yako, na ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Mama mmoja mzee katika kundi akauliza inawezekanaje mji mzuri hivi uwe na vita. Deo akajibu kwamba wataona wenyewe, akamwambia dereva ashuke kuelekea Gasenyi.

Sikuwa nimekanyaga kule tangu tulipokimbia. Baba alikataa kukimbia na sisi. Alisema amekula na majirani hawa, nani atamfanya nini? Baadaye tulisikia ameuawa mlangoni kwake. Hatukumzika.

Basi likasimama mbele ya nyumba yetu hasa. Mabati yalikuwa yamebebwa, milango na fremu zimeng'olewa, majani yameota sebuleni. Deo akawaomba wageni washuke, akaanza kusema taratibu, macho yake kwangu:

“Mwenye hii nyumba alikuwa anaficha bunduki za waasi. Majirani wakachoka naye, wakamumaliza. Tafsiri, dada.”

Nilitafsiri. Nilitafsiri yote, maana tangu asubuhi mdomo wangu ulishazoea kumfuata. Nilipofika mwisho nikaongeza ya kwangu. Nikawaambia nyumba hii ni ya baba yangu, alikuwa fundi wa mbao, hakuficha bunduki ya mtu yeyote, na huyu bwana anayesema hivi amekula mezani kwetu mara nyingi.

Yule mama mzee akanishika mkono. Kiongozi wao akamgeukia Deo akitumia ishara, akidhani haelewi. Deo akamjibu kwa Kifaransa safi, chenye kasi kuliko changu, kwamba waniwie radhi, kwamba vita vimeharibu vichwa vya vijana wengi na mimi ni mmojawapo. Ndipo nikaelewa kwamba siku nzima hakuwa na haja na mimi. Alitaka uchafu ule utoke mdomoni mwa mtoto wa marehemu.

Kiongozi alisema hawakuja kuamua kesi za watu. Akaniambia, kwa adabu kabisa, nikapumzike, wataendelea na Deo kwa kuwa kumbe lugha anaiweza. Wakapanda basi, wakaniacha pale barabarani, na mmoja akawa anaipiga picha nyumba yetu kupitia dirisha la basi. Jirani mmoja wa zamani akatoka akaninong'oneza niondoke haraka kabla waliomuua baba hawajanitambua. Nikaenda kwa miguu hadi mjini, nalia njia nzima. Baada ya hapo kazi ya kutafsiri sikuipata tena. Ilishasemwa kwamba sina akili timamu.

Mama yangu sikumwambia. Alikufa akiamini kwamba majirani bado wanamtaja mumewe kwa wema. Mume wangu naye anajua tu kwamba baba mkwe alifia vitani.

Jumapili iliyopita Deo alikuja kwetu na watu wake kujitambulisha. Amezeeka, lakini ulimi ni uleule. Alisifu ujirani mwema, akasifu malezi ya nyumba yetu, wote wakampigia makofi, mume wangu akiwa wa kwanza kupiga. Mimi nilipeleka vinywaji. Wakati wa kuagana alinishika mkono, akainama karibu.

“Mama, ya zamani tuyaache yalale.”

“Baba yangu hajalala,” nikamwambia. “Hana hata kaburi.”

Alitabasamu, akaingia kwenye gari. Kwa hiyo alinijua tangu alipovuka kizingiti, na bado akakaa kwenye kiti changu akahubiri ujirani. Mume wangu aliporudi ndani aliniambia yule mzee ana busara sana, tumepata watu.

Nikisema, huenda ndoa ya mwanangu ikavunjika, naye hana kosa, wala kijana hana kosa. Nikinyamaza, nitakaa mbele ya wageni nikimsikiliza akitaja ukoo wetu kwa mdomo ule ule. Nimefikiria kudai waniletee msemaji mwingine, lakini watauliza sababu. Nimefikiria pia kumwachia asimame, aanze, halafu nimwambie mbele ya wote aseme kwanza baba wa mama wa bibi harusi aliuawa na nani, na kwa kosa gani.

Wengi wenu mtaniambia nisamehe. Sawa, lakini mnieleze namna ya kumsamehe mtu ambaye mpaka leo hajasema kwamba alidanganya. Mahari imekaribia. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?