Rimu Ziling'aa, Breki Zikakataa

Mimi ndiye niliyeharibu, tena peke yangu. Jina langu liacheni. Hapa Kabeza wote wananijua na bado wananicheka, kwa hiyo nimeamua na ninyi mcheke, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Shule niliiachia darasa la tatu, huko Tanzania tulikokulia kabla ya kurudi nchini kwetu. Nilianza kwa kuziba pancha, leo nina nyumba ya matofali na gari. Gari ni zee lakini ni langu, na mambo ya gari hakuna aliyewahi kunifundisha. Ugonjwa wangu uko hapo.

Mwanangu alipopata mchumba, tukapangiwa siku ya kwenda kumwomba binti kwao Masaka, si mbali na hapa. Mnajua mambo yetu: wageni wanafika wamejipanga, wanasimama getini, hawaingizi hata mguu mpaka wenye nyumba wawakaribishe. Nikatazama rimu za gari langu. Zimechubuka, zina madoa meupe kama kichwa chenye mba. Nikasema, wakwe hawataona aibu hii.

Nikazifungua zote, nikazilaza uani juu ya magunia. Nikasugua kwa msasa mkali, kisha ule laini wa maji, mpaka vidole vikachubuka. Nikapuliza rangi ya fedha, nikapuliza vanishi. Mke wangu akawa anapita na beseni lake.

"Baba Kalisa, mimi ulinioa hata sabuni hukuninunulia. Leo magurudumu yanaogeshwa."

Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Zilipokauka niliuona uso wangu ndani yake. Nilinyolea ndevu humo, sidanganyi.

Siku ikafika. Usukani nilimpa shemeji yangu Gaspari, kaka wa mke wangu, mtu mtaratibu anayepunguza mwendo hata akiona kuku. Mimi nikakaa mbele na umushanana wangu begani, vazi letu la sherehe.

Magari yetu yakakusanyika juu ya kilima, juu ya kwao binti, ili tuteremke pamoja. Nikashuka, nikatazama: vumbi jekundu limezifunika rimu zote. Roho iliniuma. Nikatoa kopo la mafuta ya kupuliza, nikapuliza na kufuta, nikapuliza na kufuta. Halafu nikaona kule ndani, nyuma ya matundu ya rimu, zile sahani za breki zina kutu. Nikazipulizia nazo.

Gaspari akasema, "Shemeji, huko ndani iko breki."

"Nilikuwa naziba pancha wewe bado unanyonya," nikamwambia. "Endesha."

Akawasha gari, tukaondoka.

Gari liliteremka vizuri sana. Tatizo, liliendelea. Gaspari alikanyaga breki mpaka akanyanyuka kwenye kiti. Tukapita geti. Tukapita upinde wa maua. Akavuta breki ya mkono, gari likaguna, likaja kusimama katikati ya hema, pua yake imeegemea kreti za soda, mbele ya viti vya wazee wao. Mwendo ulikuwa wa mtu anayewahi mvua, hakuna aliyeguswa. Na rimu ziling'aa, hilo lazima niseme.

Msemaji wao, mzee mkavu mwenye fimbo, akachukua kipaza sauti. "Sisi tumezoea wageni wanaopiga hodi. Hawa wamekuja kumwomba binti au kumteka?"

Watu wakacheka. Baba wa binti hakucheka. Akaniuliza mbele ya wote, "Muzee, nani ametuingilia nyumbani namna hii?"

Dhambi yangu iko hapa zaidi, kuliko hata kwenye mafuta. Nikanyoosha kidole. "Ni huyu shemeji. Hajui kuendesha."

Gaspari akanitazama tu.

"Basi," baba wa binti akasema, "mtu anayekabidhi roho za watu wake kwa asiyejua kuendesha, mimi nimpe na mtoto wangu? Mrudi nyumbani."

Mwanangu akainamisha kichwa. Mke wangu alikuwa ananiangalia, na mimi nikiangalia rimu. Niliuona uso wangu mle tena. Sikujipenda.

Nikaomba kipaza sauti. Nikasema yote: msasa, vanishi, ndevu, kopo. "Shemeji alinionya. Mimi ndiye niliyepaka breki mafuta ili zing'ae."

Baba wa binti akainama kwenye gurudumu, akapenyeza kidole, akanusa. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashikwa na watu wawili, na hema zima likamfuata. Akaamua tulisukume gari kwa mikono yetu, na mavazi yetu ya heshima, mpaka nje ya geti, halafu tupige hodi upya. Nilisukuma wa mbele kabisa, nacheka na machozi yananitoka. Binti tukapewa.

Jumapili nikampelekea Gaspari dumu la urwagwa, pombe yetu ya ndizi, maana kwetu ukimkosea mtu huendi mikono mitupu. Akamimina, akanywa pole pole, mimi nimesimama.

"Iko tamu," akasema. "Inateremka bila breki."

Ninyi mnaong'arisha rimu uani kwenu, ng'arisheni mpaka mjione meno. Lakini breki lisiziguse hata tone la mafuta. Na ukiharibu, kidole kijielekeze kwako kabla hakijamfikia dereva. Mimi mpaka leo nikienda Masaka, mkwe wangu anatoka kunipokea getini mwenyewe, anatabasamu, amebeba jiwe la kuweka chini ya gurudumu.